Jiwe la Bibi Kashindye

Siku za giza, yaani zile siku ambazo mwezi hautoki na mitumbwi ya karabai huingia ziwani kuvua dagaa, kwetu hakuna aliyeshiba usingizi. Mama alinigusa mguu saa kumi na moja alfajiri. Akirudi kunigusa mara ya pili alikuwa ameshika kikombe cha maji baridi. Kwa hiyo nilijifunza kuamka mara ya kwanza.

Tulishuka mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, chini ya Pasiansi, Mwanza, kila mtu na beseni lake kichwani. Mitumbwi ilipofika, mama alinunua ndoo zake za dagaa wabichi, kisha tukakimbia kutafuta mahali pa kuanika. Sheria ya mwalo ilikuwa moja tu: anayewahi kutandaza ndiye mwenye mahali kwa siku hiyo. Hakukuwa na heshima, hakukuwa na samahani. Nimewahi kumwona mwanamke akimsukuma shemeji yake mwenye mimba kwa ajili ya mchanga wa upana wa mikeka miwili. Tukishamaliza kutandaza nilikimbia shuleni, na saa nane nilirudi kulinda na kugeuza mpaka jioni.

Jina langu ni Odeta. Mwaka ule wa 1994 nilikuwa darasa la tano, nina miaka kumi na miwili na ulimi wa mtu wa arobaini. Baba alikuwa amepunguzwa kazini kiwandani Nyakato, na sasa alishinda nyumbani akifungua redio za watu ambazo hazikuwahi kufungika tena. Dagaa wa mama ndio waliotulisha. Haya nayasema mapema ili mjue kwamba mtu akigusa dagaa wetu alikuwa amegusa sufuria yetu.

Zamani dagaa walikuwa kitoweo tu, wa nyumbani na wa gulioni. Kisha biashara ikaachiwa huru, kila kitu kikawa ruksa, na malori yakaanza kuja kununua magunia kwa magunia ya kutengeneza chakula cha kuku, mengine yakitoka Dar es Salaam, mengine ng'ambo ya mpaka. Kuku hawakulalamikia mchanga. Tena mchanga uliongeza uzito kwenye gunia, kwa hiyo wanawake wa mwaloni hawakuuona kuwa dhambi.

Ni mtu mmoja tu ambaye dagaa wake hawakuwa na mchanga. Bibi Kashindye alianika juu ya jiwe. Lilikuwa jiwe pana na bapa kama sakafu ya kanisa, na upande mmoja liliingia majini. Nyumba yake ya bati ilikuwa hatua thelathini tu kutoka pale, na kwa sababu hiyo alilala karibu na akawahi kila siku, miaka zaidi ya ishirini. Mzee Ojuok, mnunuzi kutoka Shirati, aliuma dagaa wa bibi yule kwa meno, akasikiliza kama kuna changarawe, akatikisa kichwa kwa furaha, akawanunua kando kwa ajili ya kuliwa na watu. Wetu aliwapima bila hata kuwatazama.

Msidhani Bibi Kashindye alikuwa bibi wa kupakata wajukuu na kutoa karanga mfukoni. Alikuwa mkali. Mwanawe wa pekee alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu Geita, na kwa miaka miwili hakuna aliyesikia habari zake. Bibi alikula kile alichokianika, basi. Ukimpa pole alikukazia macho mpaka ukajuta. "Sijaomba tangu nizaliwe," alisema. "Niacheni na jiwe langu."

Na jiwe hilo ndilo wanawake walilolitamani, hasa Mama Chenge. Huyu alikuwa na mabeseni mengi kuliko watu wote, na mbuzi wengi, na sauti iliyosikika mpaka Sengerema, ng'ambo ya maji, upepo ukiwa mzuri. "Kizee mmoja, jiwe zima!" alisema kila asubuhi. "Huyu anakaa juu ya mali." Mama yangu alicheka naye. Mimi nilicheka kwa sababu mama alicheka.

Kulikuwa na jambo jingine kuhusu bibi yule. Mara nyingi alianua dagaa wake jua likiwa linawaka, na baadaye kidogo mvua ikanyesha. Sisi wengine mvua ilitukuta tukikimbizana na viroba. Wanawake walitazamana.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Ilikuwa siku ya Jumanne. Wanawake wote walikuwa wamekwenda msibani, na dagaa wao wameachiwa sisi watoto. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Mama aliniambia, "Geuza mara mbili. Ukiona wingu, anua. Usiniache nije nikute uji."

Niligeuza mara moja tu, tena kwa mguu. Kisha Winnie, binti wa Mama Chenge, akaja na mpira wa soksi, na tukaanza kucheza rede. Nilikuwa katikati, nakwepa, na hakuna aliyeweza kunilenga siku ile. Huku nikiruka, nilimwona Bibi Kashindye akichukua konzi ya dagaa wake, akaifinya, akaitikisa karibu na sikio. Akafinya tena. Halafu akaanza kukusanya.

"Ng'wana Evelina!" aliniita kwa Kisukuma chake, yaani mtoto wa Evelina. "Anua! Waambie wenzako waanue! Dagaa wamelegea!"

Nilitazama juu. Jua lilikuwa kali, wingu hakuna ila moja dogo kule mbali. Watoto wote wakasimama wananitazama mimi. Kama ningesema "tuanue," wangeanua. Badala yake nikapandisha sauti ili wacheke. "Mwacheni huyo! Anaogopa hata kivuli cha mwewe!"

Wakacheka kweli, na tukaendelea kucheza. Bibi aliita mara ya pili, kisha akaacha.

Mvua haikutuma salamu. Upepo uligeuka mara moja, ziwa likawa jeusi, na kabla hatujafikia mchanga ilikuwa imeshatumwagikia. Tulikusanya matope. Dagaa wa mwalo mzima, kazi ya asubuhi nzima ya wanawake karibu kumi na watano, walielea kwenye vidimbwi. Wa Bibi Kashindye tu ndio walikuwa ndani, wakavu.

Wanawake walirudi kutoka msibani wamelowa, hasira iko usoni. Mama alikuja moja kwa moja kwangu. Aliokota konzi ya matope yale, akaitazama, na mkono wake wa pili ukainuka.

"Nani alikuwa mkubwa hapa?" aliuliza. "Nilikuambia nini, Odeta?"

Nikauona mkono ule. Nikaona pia fimbo ya Mama Chenge na macho ya wanawake wengine. Ulimi wangu ukafanya kazi kabla ya kichwa.

"Ni Bibi Kashindye," nikasema. "Asubuhi nilimwona akimwaga maji juu ya jiwe, akinong'ona peke yake. Halafu mchana akaanua jua linawaka. Ndipo mvua ikaja."

Kila neno lilikuwa kweli. Alimwaga maji, alinong'ona, alianua. Ndiyo maana uongo wangu ulikuwa na nguvu: niliujenga kwa matofali ya kweli, nikaacha nje tofali moja tu, lile la yeye kuniita na kuniambia nianue.

Mkono wa mama ukashuka. Alitazama kuelekea kwenye ile nyumba ya bati. Watoto wenzangu walitazama chini, kwa maana wao nao walijua, na wao nao walikuwa na mama wenye fimbo.

"Nilisema," Mama Chenge akasema taratibu, na ule utaratibu ulinitisha kuliko kelele zake za kila siku. "Nilisema siku nyingi. Huyu anaishika mvua mkononi."

Kwetu, bibi kizee akiitwa mchawi, jambo haliishii kwenye kuitwa. Mimi nilijua. Watoto wote wa Usukumani tunajua, hata kama wakubwa wanadhani tumelala wanapozungumza. Nilijua, na bado nilinyamaza nikala ugali wangu.

Kesho yake Mama Chenge alifika mwaloni kabla ya mitumbwi. Alipanga mabeseni yake yote juu ya jiwe, mpaka kwenye ukingo. Bibi Kashindye alikuja na ndoo yake moja, akasimama.

"Hapa ni pangu," alisema.

"Sheria ya mwalo, bibi. Anayewahi."

"Umelala hapa?"

"Hata kama nimelala! Kaanike mawinguni, si ndiko kwenu?"

Wanawake wakapasuka kucheka. Bibi alishuka mchangani, akatafuta kona, akatandaza. Alipogeuka kunyoosha mgongo, mtu, sikumwona ni nani, alipitisha mguu katikati ya dagaa wake na kuwasukumia majini. Samaki wadogo wakaja kuwala. Mama yangu alikuwa pale, akatazama kando.

Siku ya Alhamisi muuza duka alikataa kumuuzia chumvi. Ijumaa watoto walimfuata nyuma wakiimba, "Mvua! Mvua! Tuletee na radi!" Winnie alikuwa mbele yao. Jioni ile ile mawe yakaanza kugonga bati lake, moja, kisha mengine mengi. Nilikuwa kisimani nateka maji na niliyasikia yote. Bibi hakutoka nje wala hakulia. Alipiga kelele moja tu kutoka ndani: "Tupeni! Bati nililinunua mimi!"

Nilirudi nyumbani ndoo imebaki nusu. "Mama," nikasema, "labda ile ilikuwa mvua tu."

"Labda nini?" Mama aliacha kusonga ugali, mwiko uko hewani. "Umeanza kumtetea mtu aliyetunyima chakula? Si wewe uliyeona kwa macho yako?"

"Niliona, lakini..."

"Lakini tia maji kwenye mtungi."

Nikatia maji. Nilijichukia usiku ule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote. Lakini kujichukia hakukumsaidia bibi hata kidogo, na mimi nililijua hilo pia.

Jumapili, baada ya misa, balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Machibya, aliitisha kikao kwenye banda la nyavu. Wanawake walitaka neno moja litolewe: Bibi Kashindye asikanyage mwaloni tena. Wengine walitaka ahame kabisa. Kijana mmoja nyuma alisema kuna njia fupi kuliko kuhama, na balozi akamwambia anyamaze au atoke. Nililisikia neno lile. Ahame aende wapi? Na kama hakuhama?

Bibi alikaa peke yake kwenye gogo. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Mayu Kashindye," balozi alianza, kwa kumpa heshima ya mama, "unasemwa. Jumanne asubuhi, ulimwaga maji juu ya jiwe?"

"Nilimwaga."

Banda likavuma. Balozi alipiga meza. "Kwa nini?"

"Nilikuwa ninaliosha. Nyie mnaanika juu ya nini, mavi?"

"Ulikuwa unanong'ona?"

"Sikunong'ona, nilitukana."

"Ulimtukana nani?"

"Mbuzi wa huyu." Alimwonyesha Mama Chenge kwa kidevu. "Wanalala juu ya jiwe langu kila siku, wanaliacha limejaa. Kila alfajiri ninasugua kinyesi cha mbuzi wake kwa mikono hii, halafu mchana ananiuliza kwa nini dagaa wangu ni safi."

Mtu mmoja alicheka kisha akajikohoza. Mama Chenge akasimama. "Maneno mengi! Kwa nini unaanua jua likiwaka? Nani anakuambia mvua inakuja? Jibu hilo!"

"Dagaa wananiambia."

"Mmesikia!" Mama Chenge alipiga kofi. "Anaongea na dagaa!"

"Dagaa mkavu analia ukimtikisa," bibi alisema kwa sauti ile ile kavu. "Hewa ikibeba maji analegea, hata kama jua linaunguza. Ukimfinya havunjiki. Mnawashika dagaa kila siku, mikono yenu mmeifanyia nini? Hamkuniuliza. Miaka ishirini hakuna hata mmoja aliyeniuliza." Kisha akageuza shingo polepole, akanitazama mimi. "Na Jumanne sikukaa kimya. Kuna mtoto alikuwa pale. Muulizeni nilisema nini."

Hakunitaja jina. Angeweza kunitaja tangu Jumanne, akamwambia kila aliyepita mlangoni pake. Hakufanya hivyo. Sijui kama alikuwa ananihurumia au alikuwa anataka kuona mimi ni mtu wa namna gani.

Mama alinisukuma begani. "Simama. Sema kama ulivyoniambia."

Nikasimama. Niliona kila kitu mle bandani: maboya ya nyavu, kofia ya balozi, vidole vya Winnie vinavyochezea gauni. Nikatamani mvua inyeshe dakika ile ile.

"Alituambia tuanue," nikasema.

"Nini? Sema kwa sauti."

"Alisema, 'Ng'wana Evelina, anua, waambie na wenzako, dagaa wamelegea.' Aliita mara mbili. Mimi nikasema anaogopa kivuli cha mwewe, na wote tukacheka. Nilikuwa nacheza rede. Sikugeuza dagaa ila mara moja, kwa mguu. Mama alipokuja kunipiga nikaogopa, nikamsingizia bibi." Hapo nikaanza kulia. "Ningegeuza kwa mikono kama nilivyoagizwa, hata mimi ningejua."

Nilidhani ukweli ukisemwa mambo huisha. Ndivyo tunavyosoma vitabuni. Mama Chenge alinielekezea kidole. "Mnaona? Mnaona alivyomfunga mtoto ulimi? Juzi alisema hivi, leo anasema vile, na kizee anamtazama tu! Huyu mtoto amechezewa!"

Na wanawake wakaanza kukubali. Niliwaona wakitikisa vichwa mmoja baada ya mwingine. Neno langu la uongo walilipokea bila kuuliza hata swali moja, lakini la kweli wakalitupa. Sitasahau. Nikamvuta Winnie kwa macho, nikamwomba. Winnie akamtazama mama yake, akainamisha kichwa.

Bibi Kashindye akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mimi mchawi wa mvua? Basi ni mchawi mjinga. Jumamosi ya kabla ya msiba nilianua dagaa wote, nikawabeba ndani, mvua ikaja?"

Wanawake wakageuka kutazama nyavu.

"Ninauliza. Ikaja?"

"Haikuja," mtu akasema.

"Mlifanya nini?"

Kisha nikasikia sauti karibu yangu, na ilikuwa ya mama.

"Tulimcheka," mama alisema. "Mimi ndiye niliyecheka zaidi. Nilimwambia, 'Bibi, unaogopa jasho lako?' Na mwezi uliopita pia alikosea, mara mbili. Tulimcheka mara zote mbili." Alisimama taratibu kama mtu anayenyanyua mzigo. "Mchawi wa mvua gani anakosea mvua yake mwenyewe? Tulikuwa tunahesabu siku alizopatia tu. Zile alizokosea tulizila kama karanga."

"Evelina!" Mama Chenge akafoka. "Unageuka?"

"Nageuka. Na wewe tuambie, siku ya pili tu ulikuwa juu ya jiwe na mabeseni yako yote. Ulikuwa unamwogopa mchawi, au ulikuwa unataka mahali pa kuanika? Mimi ningemwogopa mchawi, nisingelala juu ya jiwe lake."

Hapo ndipo Winnie alipoinua kichwa. "Bibi aliita kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Sote tulisikia." Watoto wengine nao, wakiona mlango umefunguka, wakaanza: nilisikia, na mimi, na mimi.

Mama Chenge alichukua kanga yake akatoka bila kuaga. Hakuomba radhi siku ile wala siku nyingine, na sitawadanganya kwamba aliomba.

Balozi Machibya alivua kofia yake. Kisha akasema, "Tulitunga sheria ya kuwahi tukiwa na magoti mazuri. Mayu huyu magoti yake yameishia kwenye jiwe hili, akilea, akilisha. Kumwambia ashindane mbio na mabinti ni kumfukuza kwa adabu. Kuanzia leo jiwe ni lake, kutoka kwenye ufa wake wa juu mpaka majini, awahi asiwahi. Mbuzi atakayelikanyaga atanikuta. Na nikisikia jiwe jingine juu ya bati lake, sitatafuta aliyetupa peke yake, nitaita wazazi wake."

Mama hakunipiga. Heri angenipiga. Jioni alijaza ndoo kwa dagaa wetu waliokauka vizuri, akanishika mkono, tukaenda mpaka kwa bibi. Akapiga magoti mlangoni. "Shikamoo mama. Nilisimama kando wakimwaga dagaa wako. Nisamehe. Hawa si sadaka, ni badala ya wako tuliowaharibu."

Bibi aliangalia ndoo, akachukua dagaa mmoja, akauma. "Wana mchanga," akasema. Akaipokea.

"Na huyu," mama akaendelea, "ataosha jiwe kila asubuhi kabla ya shule."

Bibi hakusema kitu kwangu. Wala nilipomwamkia hakuitikia. Alifunga mlango.

Nikaosha. Kila alfajiri nilibeba ndoo moja ya maji, nikasugua kwa gunzi, nikasema, "Shikamoo, bibi," na kila alfajiri alipita karibu yangu kama upepo. Aliangalia, akaonyesha kwa mguu mahali nilipoacha uchafu, nikarudia. Nilijifunza kutikisa dagaa sikioni, nikaifinya konzi nikitazama kwa pembeni, kumwona anavyofanya. Lakini sauti yake sikuisikia tena.

Hakumwita yeyote. Siku moja ya giza lililofuata alianza kuanua, kimya kabisa, mgongo umetugeukia, na sisi hatukuwa tunamtazama. Mvua ikatukuta tena. Wanawake walikusanya matope, na safari hii hakuna aliyetafuta mtu wa kumlaumu. Mama alikaa juu ya beseni lililopinduliwa, amelowa, akatazama lile jiwe tupu.

"Amefunga mdomo," alisema. "Na sisi ndio tuliomfunga."

Giza la pili likapita. La tatu likaja. Mchana mmoja nilikuwa nimepiga magoti mchangani nageuza, kwa mikono, jua kali, kila mtu na kazi yake. Nilichukua konzi. Nilidhani dagaa wana ulaini kidogo, lakini sikuwa na hakika, nikasita.

"Ng'wana Evelina!"

Sauti ile ilinipiga mgongoni. Bibi Kashindye alikuwa amesimama juu ya jiwe, konzi ya dagaa mkononi. "Unasubiri nini? Anua! Waambie na wenzako!"

Sikutazama juu. "Anueni!" nikapiga kelele mpaka koo likawasha. "Bibi amesema anueni!"

Mwalo mzima uliinuka kama shule wakati kengele inapogongwa. Hata Mama Chenge alikunja kanga kiunoni, akaanza kukusanya haraka, ananuna, lakini anakusanya. Nilimaliza wetu, nikapanda jiweni, nikambebea bibi mabeseni yake mpaka ndani. Tone la kwanza liliniangukia mlangoni pake.

Tulijibanza wote kwenye banda la nyavu, mvua ikipiga bati hatuwezi hata kusikilizana. Ilipopungua, mama alinivuta karibu.

"Umesikia sauti ile, Odeta? Miezi miwili tumeanika bila masikio. Mzee anayekuonya ni mali yako. Ukimwita mchawi kwa sababu ameona kabla yako, humwumizi yeye tu, unajitoboa macho. Na usiniambie kwamba wewe ni mtoto na uongo wako ni wa kitoto. Jiwe lililotupwa na mtoto linatoboa bati lile lile."

"Nimesikia, mama," nikasema, na nilikuwa nimesikia kweli.

Bibi Kashindye alikuwa kwenye gogo lake. Safari hii gogo lilikuwa limejaa, wanawake wawili wamebanana naye, mmoja anamuuliza namna ya kufinya. Nilikwenda mbele yake nikainama kama kila siku, bila kutegemea kitu.

"Shikamoo, bibi."

Aliitazama mikono yangu iliyojaa magamba ya dagaa.

"Marahaba," akasema. "Kesho lete ndoo mbili. Moja haitoshi."